TAHADHARI: Msimpelekee gari huyu fundi wa "steji 2" (kuongeza nguvu ya injini) wa Ndeeba

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nihamie Kampala. Ile Golf GTI yangu mnaijua, na mnajua kwa nini nilitaka iongezwe nguvu baada ya yale ya uwanja wa mbio za magari wa Busiika, sitayarudia hapa. Kuna fundi Ndeeba, nyuma kule kwenye mbao, amenichomoa shilingi milioni 6 na laki 8, na alichoniuzia ni nguvu ya gari yangu mwenyewe. Aliificha, kisha akanirudishia kwa bei. Jina lake silitaji kwa sababu faili liko polisi.

Kabla hamjaniuliza niliamini vipi, nisikilizeni. Mtu huyu anaongea Kiswahili cha pwani, kile cha taratibu, mimi ananiita kaka na mke wangu shemeji. Katika mji huu ukikutana na mtu wa namna hiyo moyo unalegea, hilo hakuna asiyelijua. Na nilipomwambia nataka turbo kubwa zaidi, ile feni inayoisukumia injini hewa, alikataa. "Kaka, hii ni gari ya kubebea watoto. Ukiweka turbo kubwa utaua klachi, na mbele hapatashika chini. Tuandike upya programu ya injini, tuweke difu la kubana, tuweke matairi mazuri, basi." Tapeli gani anakataa pesa?

Halafu aliyoyasema ni kweli tupu. Gari inayovutia mbele inayatwika magurudumu mawili yaleyale kazi ya kuvuta na ya kukata kona. Ukikanyaga mafuta uzito unakimbilia nyuma, mbele panakuwa pepesi, na difu la kawaida, yaani zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, linaiachia nguvu ipotelee kwenye tairi linaloteleza. Usukani unavutwa upande, tairi la ndani ya kona linalia, na gari haiendi. Injini hii ya lita 2.0 imetoka kiwandani na nguvu za farasi 200, na programu nzuri huifikisha 240 hivi bila kugusa turbo. Yote hayo alinieleza bila kubabaika hata kidogo. Alasiri ilipoingia alitandika mkeka pembeni ya madumu ya oili, tukaswali pamoja. Nimeswali na mtu ambaye saa ileile alikuwa ananiibia.

Sasa sikieni alivyonipiga. Alisema lazima tuipime gari kabla hajaigusa, "usije ukasema nilikuuzia hewa." Akafungua boneti, akainama upande wa turbo kama anayetafuta oili inayovuja, mkono umezama mpaka kiwiko. Hata dakika haikuisha. Akafuta vidole kwa kitambaa, akafunga boneti, akaniambia niendeshe mwenyewe. Tukatoka hadi Busega, tukaingia barabara ya Northern Bypass. Nakanyaga, gari haina roho. Ule mvuto wa mizunguko 2,000 ya injini kwa dakika ambao mmeuonja mkiwa ndani ya gari hii haupo. Tulipoanza kupanda mlima, Noah iliyojaa watu ikanikalia mgongoni na siwezi kuiacha. Mara taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Yeye akaguna tu. "Unaona kaka? Programu ya zamani imeshachoka, na huku kwetu hewa ni nyepesi." Nikakubali, maana taa ile iliwahi kuwaka Ramadhani iliyopita, na Kampala kweli iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, turbo inafanya kazi zaidi kuliko ikiwa Mombasa. Nani angebisha?

Kesho yake akaja na laptopu. Akaiweka juu ya fenda, akaitandikia taulo ili isikwaruze rangi. Hilo taulo ndilo linaloniuma mpaka leo. Akachomeka waya chini ya usukani. Kwenye skrini mstari wa kijani ukaanza kutambaa kutoka asilimia 0, namba zinapita, herufi zinapita. Akaniagizia soda. Mstari ulipokaribia nusu alifungua boneti akisema anaangalia joto, na mkono ukazama palepale pa jana. Ulipofika 100 akasema "Bismillah", akazima swichi, akawasha. Taa ya injini imepotea.

Tukarudi Bypass. Gari iliruka, ndugu zangu. Mgongo umebanwa kwenye kiti, usukani unavuta mikononi, yeye pembeni anacheka kwa furaha kama ndugu yako uliyenyonya naye titi moja. Nikampigia Mama Salma hapohapo. Nikamtumia fundi nusu ya pesa kwa simu kabla sijashuka garini.

Kilichofanyika ni hiki. Karibu na turbo kuna vali ndogo ya umeme inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta, turbo isukume hewa kiasi gani. Ukichomoa plagi yake, turbo inabaki na presha ya springi peke yake, gari inakuwa goigoi na taa inawaka. Ukirudisha plagi na kufuta kosa kwenye kompyuta, gari inarudi kuwa kama ilivyotoka kiwandani. Hiyo ndiyo "steji 2" yake. Kijana aliyekuwa akimfanyia kazi, ambaye naye amefukuzwa bila ujira, ndiye aliyenieleza. Na fundi wa kweli alipoitoa programu iliyomo kwenye gari akailinganisha na ya kiwandani, hakukuta hata herufi moja iliyobadilika. Ule mstari wa kijani ulikuwa video.

Difu nalo hivyohivyo. Aliniambia ameweka difu la sahani, lile la kubana, kutoka Japani, na difu langu la zamani akanikabidhi kwenye gunia, zito, limelowa oili, "ili uamini." Nilililaza nyumbani kwenye stoo kama ushahidi kwamba kazi imefanyika. Fundi yuleyule wa kweli aliligeuza mara moja tu, akanionyesha lilivyo: ni la gari nyingine kabisa, hata kwenye giaboksi ya Golf haliingii. Kisha akainyanyua gari magurudumu yote mawili ya mbele, gia ikiwa nyutro, akazungusha tairi la kulia kwa mkono. La kushoto likazunguka kinyume, kwa ulaini. Difu la sahani halifanyi hivyo, magurudumu yote mawili yanakwenda upande mmoja na unasikia ugumu mkononi. Boliti za giaboksi bado zina uchafu wa miaka, hazijawahi kuguswa na spana. Kuweka difu pale ni kushusha giaboksi nzima na kuipasua. Yeye alidai amemaliza kati ya asubuhi na Alasiri, na mimi hakunitaka niwepo, eti bima ya gereji hairuhusu.

Matairi ndiyo yaliyonifanya nisilale. Yalikuwa meusi yanayong'aa, vinyweleo vya mpira vya tairi jipya bado viko juu. Tukiwa njiani kwenda Entebbe na familia nzima ndani, mvua ikanyesha, na kwenye mteremko wa kabla ya Kajjansi nikakata usukani gari ikaendelea moja kwa moja. Nimekata, nimeachia mafuta, haisikii. Salma anapiga kelele nyuma. Tairi la mbele liliposhika tena lilikuwa limeshapanda ukingo wa mtaro. Siku ileile nililala chini ya gari na tochi ya simu. Tairi lina namba nne za tarehe, mbili za wiki na mbili za mwaka, na mara nyingi zimepigwa ubavu mmoja tu. Yeye alifunga ubavu huo ukiangalia ndani, matairi yote manne. Yangu yanasoma 1113: wiki ya 11, mwaka 2013. Mpira umekauka kama gome la mti, umepakwa dawa ya kung'arisha, na vile vinyweleo vimebandikwa kwa gundi. Unaweza kuving'oa kwa kucha.

Mtu huyu alijua watoto wanapanda. Alimwona Salma kwa macho yake, akampa biskuti.

Nataka afungwe. Sitaki kurudishiwa pesa nusu na kuombwa msamaha mbele ya wazee, kama anavyotuma watu waje kuniambia. Mtu anayeuza matairi mabovu kwa baba wa watoto hana tofauti na anayekata breki. Gereji yake ifungwe, laptopu ile ichukuliwe, na wale wanaomkodishia eneo waulizwe wanajua nini. Bafere, matapeli wa mjini, wanakula pesa za watu kila siku, lakini huyu angekula na roho zetu.

Mnaotaka alama zake: karatasi ya grafu ya nguvu iko ukutani, ukimwomba akupimie gari yako kwenye mashine, kabla na baada, siku ileile, anasema mashine iko kwa rafiki. Ukituma pesa kwa simu linatokea jina la mwanamke, atakwambia ni laini ya kazi. Risiti anaandika kwenye kitabu kisicho na jina la gereji. Hadithi za mashindano ya magari ya Pearl of Africa Rally haziishi, lakini hata gari moja iliyoshindana hatakuonyesha. Na ukisikia fundi anashika kitu kwenye injini kabla ya "kupima", shuka mwambie akuonyeshe kwanza ameshika nini. Mengine nitaongeza nikitulia.

Wawili wenu mmeshaniandikia pembeni kwamba alifanya kazi kwenye gari zenu pia, mmoja ya Volvo. Msinyamaze kwa aibu. Askari aliyepokea maelezo yangu amesema wazi kwamba mlalamikaji mmoja ni ugomvi wa kazi, watatu ni kesi. Jumatatu asubuhi narudi kituoni na gunia la difu, picha za namba za matairi na ujumbe wote wa malipo. Aliyepigwa na huyu mtu anitafute kabla ya Jumapili jioni, aje na risiti yake hata kama haina jina, tuingie pamoja.