Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita zake ni sahihi, dakika zake si za kutegemea

Nilipokuwa nikipanga safari ya kutoka uwanja wa Changi, Singapore, kwenda uwanja wa kimataifa wa Kuala Lumpur, nilitumia kikokotoo cha mtandaoni ambacho humpa msafiri umbali na muda wa safari mara anapoandika majina ya viwanja viwili. Nilikuwa nikisafiri na mama yangu mzee, asiyeweza kukaa muda mrefu bila kupumzika, hivyo muda halisi wa safari lilikuwa jambo zito kwangu.

Kuhusu umbali sina lalamiko. Kilitoa kilomita 297, na ndivyo ilivyo, kwa kuwa kinapima njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia. Kasoro ni kwamba kimeandika maili bila kueleza ni zipi: umbali huo ni takriban maili 184 za nchi kavu, lakini ni maili 160 tu za baharini, ambazo ndizo wanazotumia marubani, na anayelinganisha vyanzo viwili anaweza kudhani kimoja kimekosea.

Tatizo kubwa liko kwenye muda. Jibu lilikuwa dakika 21, ambazo hupatikana kwa kugawa kilomita hizo kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa, na hakuna ndege ya abiria inayofika hivyo. Ndege huhitaji muda wa kupanda hadi kimo chake, na katika njia fupi kama hii huanza kushuka muda mfupi tu baada ya kukifikia, kwa hiyo ule mwendo ambao hesabu nzima imeutegemea haudumu. Sisi tulikaa angani kama dakika 40. Ratiba za mashirika huonyesha saa moja na dakika kadhaa, kwa sababu huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena, na hiyo ndiyo namba inayomfaa abiria.

Hata namba hiyo haimfikishi mtu mjini. Uwanja wa Kuala Lumpur uko Sepang, na treni ya moja kwa moja hadi stesheni ya KL Sentral, umbali wa kilomita 57, huchukua dakika 28 kutoka jengo la kwanza la abiria na dakika 33 kutoka jengo la pili. Ukijumlisha saa mbili za kuwahi Changi na foleni ya uhamiaji, safari inapita saa nne, wakati basi la barabarani huchukua tano au sita. Kwa mama, tofauti hiyo bado ilikuwa na maana, ila ningependa kuijua mapema.

Singapore na Kuala Lumpur hutumia saa zilezile, kwa hiyo hapo kikokotoo hakikuhitaji kurekebisha kitu. Nilipokijaribu kwa Bangkok, iliyo nyuma kwa saa moja, hakikutaja tofauti hiyo kabisa. Ndege inayotoka Bangkok saa nne asubuhi na kuruka kwa saa mbili na dakika 25 hutua Singapore saa saba na dakika 25 mchana, na mwenye miadi mchana huo anastahili kuelezwa hivyo kabla hajanunua tiketi.