Tairi za gari ndogo Pemba: zipi zinabana mafuta na bado zinashika njia mvuani

Masika yaliyopita, kwenye mteremko nikitokea Mkoani kuja Chake, nilikanyaga breki na gari ikaendelea kwenda. Mwendo haukuwa mkubwa. Kilichonisimamisha ni mchanga wa pembeni, si tairi. Na tairi zile niliuziwa kuwa ni mpya, kashata zake, yaani meno ya uso wa tairi, nene kabisa. Siku ya pili yake nikainama kusoma ubavuni, nikakuta zimetengenezwa miaka 8 nyuma. Mpira ulikuwa mkavu kama soli ya kiatu kilichosahaulika juani. Tangu siku hiyo ninasoma tairi kama mtu anavyosoma hati ya kiwanja, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuelewane kwa nini tairi inakula mafuta. Ikizunguka, sehemu inayogusa barabara hubonyea kisha hujirudi. Kila kubonyea kunazaa joto, na joto hilo limetoka kwenye petroli uliyolipia. Umoja wa Ulaya ulipotunga kanuni zake ulikadiria kwamba tairi zinabeba asilimia 20 hadi 30 ya mafuta yanayotumiwa na gari. Ndiyo maana serikali kadhaa ziliona mnunuzi ana haki ya kuambiwa kabla hajatoa pesa.

Ulaya lebo ikawa lazima kuanzia Novemba 2012, na kanuni mpya ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2021. Lebo hiyo inasema mambo matatu: matumizi ya mafuta kwa herufi A hadi E, kushika breki kwenye maji kwa herufi hizohizo, na kelele kwa desibeli. Ina pia msimbo wa QR unaokupeleka kwenye daftari la Ulaya la bidhaa, ukaone alama za tairi hiyo mwenyewe kwa simu yako. Japan ilianza Januari 2010, kwa makubaliano ya watengenezaji: AAA ndiyo bora kwa mafuta na C ndiyo ya chini, kwa maji ni a, b, c na d. Korea Kusini wana daraja 1 hadi 5. Marekani, Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2007 kuagiza mnunuzi apewe taarifa hizi, na Machi 2010 ukatoka utaratibu wa kupima, lakini muundo wa lebo yenyewe ukawekwa kando.

Sasa tatizo letu. Lebo ya Ulaya ni karatasi iliyobandikwa. Tairi ikishapanda boti, ikapangwa juani nje ya duka na kuviringishwa na vijana, karatasi imekwenda. Katika maduka niliyopita Chake, Wete na hata Mwanakwerekwe ng'ambo Unguja, sijaona hata moja ikiwa nzima. Kwa hiyo ninunue kwa kuangalia nini? Kile kilichochongwa kwenye mpira wenyewe, kwani hicho hakibanduki.

Tafuta neno DOT, ufuate mstari wake mpaka tarakimu nne za mwisho. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mstari huo huwa mzima upande mmoja tu wa tairi, basi usione haya kumwambia muuzaji aigeuze.

Tafuta herufi S2WR2 karibu na alama ya E iliyo ndani ya duara. W inaonesha imefaulu kipimo cha kushika kwenye maji, na R2 inaonesha haikuvuka kikomo cha kupoteza nguvu ikibingirika, kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Si daraja, ni mstari wa kufaulu tu, lakini kwa mtu asiyekuwa na lebo ni jambo kubwa. Jengine ni alama za Marekani: TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. Namba ya kwanza ni ya kudumu: 400 ilichakaa polepole mara nne kuliko tairi ya kipimo yenye 100. TRACTION ni breki kwenye maji, AA ikiwa bora, kisha A, B na C. Hapo hakuna neno lolote kuhusu mafuta, na wauzaji wengine husoma hiyo 400 wakakwambia ndiyo ya kubana mafuta. Si kweli.

Nikija kwenye kupanga, mimi nimepanga kwa gari ndogo kama Vitz au IST, kwa njia zetu za vilima na kona, na kwa mvua zetu.

Nafasi ya kwanza naipa tairi mpya yenye A au B kwenye maji na B au C kwenye mafuta. Sikuiweka A ya mafuta mbele, na nina sababu. Tairi ambayo haijibonyezi sana hupoteza nguvu kidogo, lakini kushika barabara yenye maji kunahitaji mpira unaokubali kubonyea. Mambo haya mawili yalikuwa yakivutana mpaka watengenezaji walipoanza kuchanganya silika (unga wa madini, ndiyo silica kwa Kiingereza) kwenye mpira wa gari ndogo. Michelin walitoa yao mwaka 1992. Mchanganyiko mzuri una gharama, na ndiyo maana lebo ya Ulaya inaweka herufi mbili ubavu kwa ubavu, usije ukauziwa moja ukanyimwa nyingine. Kwa lebo ya zamani ya Ulaya, gari yenye tairi nne za daraja la juu kwenye maji, ikienda kilomita 80 kwa saa, ilisimama hadi mita 18 kabla ya yenye tairi za daraja la chini kabisa. Mita 18 kwenye mteremko wenye skuli pembeni!

Ya pili ni tairi mpya isiyo na lebo lakini ina S2WR2, TRACTION A, na haijapita miaka miwili tangu itengenezwe. Wengi wetu tutaishia hapa, na si vibaya.

Ya tatu ni zile za kubana mafuta kutoka Japan, kama Ecopia ya Bridgestone, BluEarth ya Yokohama au Enasave ya Dunlop, pale herufi yake ya maji inapokuwa c au d. Zipo zenye herufi nzuri kote kuwili, na hizo zinapanda mpaka nafasi ya kwanza. Jina la familia ya tairi si daraja, kila saizi ina herufi zake.

Ya nne ni tairi zilizotumika. Hapa kuna mtego. Kashata zikipungua, tairi kweli hupoteza nguvu kidogo zaidi ikibingirika, kwa hiyo aliyekwambia mtumba wake unabana mafuta huenda hakusema uongo. Lakini kinachopungua ndicho kinachosukuma maji. Ndani ya mifereji kuna vijiti vya alama vya milimita 1.6, uso ukifika hapo tairi imekwisha. Mimi chini ya milimita 4 sichukui, na nikichukua ni ya spea. Za kuvishwa uso upya naziacha kwa malori.

Sasa hesabu, kwani nafasi hizi zinaweza kubadilika kwako. Chukua mtu wa kukodisha anayekwenda Chake na Mkoani mara mbili kwa siku, kama kilomita 120, siku 26. Kwa lita 7 kila kilomita 100, anachoma kama lita 218 kwa mwezi. Tuseme tairi nzuri imempunguzia asilimia 4: ni karibu lita 9, azidishe kwa bei ya mwezi inayotangazwa na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati Zanzibar. Huyo herufi ya mafuta inamhusu khasa. Mwalimu anayekwenda kilomita 10 kwa siku ataokoa lita moja haijafika. Asilipe zaidi kwa ajili ya mafuta, alipe kwa ajili ya breki.

Na wote wawili wapime upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi, kwa namba iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kila psi moja (kipimo cha upepo wa tairi) inayopungua kwenye wastani wa tairi zote nne inapoteza kama asilimia 0.2 ya mafuta. Ukiziacha zishuke kwa psi 10, umepoteza asilimia 2 bure.

Siku ya kununua, omba risiti iandikwe zile tarakimu nne za DOT, kwani ukija kudai huna ushahidi mwengine. Na kabla fundi hajashusha jaki, soma tarehe za tairi zote nne. Mimi ya nne niliwahi kuletewa kutoka rundo jengine, nikairudisha palepale.