Walifunga geti vizuri, kisha wakaliziba jicho

Haya ni maoni yangu kuhusu kampuni iliyonifungia mota ya geti la umeme la kuteleza nyumbani. Naanza na sifa, nisije nikaonekana nina chuki na mtu. Mota haina kelele, imekamata vizuri meno yaliyofungwa ubavuni mwa geti, na umeme ukikatika betri inafanya kazi. Uchomeleaji ulikuwa safi. Wiki za mwanzo ningewapa nyota nne bila kusita. Leo nawapa mbili, tena kwa shingo upande.

Kilichoniudhi ni kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole.

Masika yalipokolea geti likaanza kugoma kufunga. Linafunguka bila shida, lakini ukibonyeza rimoti lifunge linatulia tuli, au linasogea kidogo na kurudi. Wakamtuma fundi. Hakumaliza dakika kumi: alifungua boksi la mota, akainama, akafunga, akasema tayari. Kweli geti likafunga. Alipoondoka niliweka ndoo tupu ya lita 20 katikati ya njia, usawa wa jicho la sensa linalotazama kama njia ina kitu, nikabonyeza. Geti lilikuja moja kwa moja, likaisukuma ndoo hadi kwenye nguzo, likaibana mpaka ikapasuka. Kufungua boksi, nikakuta nyaya za jicho zimechomolewa na mahali pake amepiga jampa, yaani kipande cha waya kinachoiunganisha saketi moja kwa moja bila kupitia jicho.

Kwa asiyejua: jicho ni vifaa viwili vinavyotazamana kuvuka njia, kimoja kinatuma mwali usioonekana na kingine kinaupokea. Mwali ukifika salama, saketi imeungana na bodi (ubongo wa mota, ndani ya boksi) inaruhusu geti lifunge. Mtoto akiukatiza, saketi inaachia, geti linasimama na kurudi. Ndiyo maana maji yakiingia au waya ukikatika, geti hugoma. Limeundwa hivyo makusudi, likiharibika libaki wazi kuliko kumbana mtu. Jampa inaiambia bodi kwamba njia ni nyeupe usiku na mchana, hata mtoto akiwa amesimama palepale. Na kwangu walikuwa wamewasha kipengele cha geti kujifunga lenyewe baada ya sekunde 20. Yaani halioni, na wala halisubiri mtu abonyeze.

Nilipompigia fundi alinijibu, "Bosi, ulisema geti halifungi, sasa linafunga. Watoto wafundishwe wasichezee getini." Msimamizi wake akaongeza kwamba macho hayo yanasumbua wateja wengi wakati wa mvua, na hivyo ndivyo wanavyofanya. Ndivyo wanavyofanya! Basi kuna nyumba nyingine hapa Dar zenye waya kama huo, na wenyewe hawajui.

Na dawa ya jicho ilikuwa kazi ya nusu saa. Fungua kifuniko, toa sisimizi (wanapenda sana kuzaliana humo), kausha, pitisha silikoni juu na pembeni pale bomba la waya linapoingilia, lakini acha kitundu chini ili unyevu utoke. Futa utando wa buibui kwenye kioo. Hakikisha vyote viwili vimenyooka, kwa sababu nguzo ikigongwa na gari hata kidogo mwali unakosa shabaha. Kama geti hugoma asubuhi tu, huenda jua linapiga moja kwa moja kwenye kipokezi. Kibadilishe nafasi na kitumaji. Tena bodi nyingi zina kipengele cha kulipima jicho kabla ya kila safari: inakata umeme wa kitumaji na kuangalia kama kipokezi kinaachia. Kikiwashwa na nyaya zikaunganishwa inavyotakiwa, jampa inagundulika na geti linakataa kufunga. Kwangu hakikuwashwa.

Halafu ile ndoo. Hata bila jicho haikupaswa kupasuka, maana geti likigusa kitu lazima lisimame na kurudi. Halikurudi kwa sababu walipandisha nguvu ya mota hadi mwisho, na walipandisha kwa sababu reli ilijaa mchanga na beringi za magurudumu zilianza kushika kutu. Utaratibu ni kinyume chake: legeza mota kwa ufunguo wa dharura, sukuma geti kwa mkono. Likiwa zito au likikwama mahali, safisha reli, badilisha beringi, ndipo uifundishe mota upya kwa nguvu ndogo kabisa inayotosha kulitembeza. Kiwango cha Ulaya, EN 12453, kinataka pale mtu anapoweza kubanwa msukumo usizidi nyutoni 400, na ndani ya sekunde 0.75 uwe umeshuka hadi 150. Katikati ya mwaka 2010, Uingereza, wasichana wawili wa miaka 5 na 6 walibanwa na mageti ya umeme wakafariki, mmoja Bridgend na mwingine Manchester, siku chache tu kati yao. Fundi anayeniambia nifundishe watoto namtaka alifikirie hilo kabla hajazungusha kitufe cha nguvu.

Mtoto wa miaka mitatu hafundishiki kuliogopa geti linalotembea. Kwake ni daladala, analidandia. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba hata jicho likiwa zima lingemlinda nusu tu, maana waliweka jozi moja ya upande wa kufunga. Geti linapofunguka linamchukua aliyedandia na kumpeleka kwenye nguzo, mkono ukiwa umepenya kwenye nondo. Panahitajika jozi ya pili upande wa ndani inayosimamisha ufunguaji, na nondo zizibwe kwa bati au wavu wenye matundu madogo ambayo mkono wa mtoto haupiti. Jozi ya kwanza yenyewe iko sentimita 60 kutoka chini, anayetambaa anapita bila kuonekana. Iongezwe nyingine kwenye sentimita 20.

Stopa za mwisho wa reli waliweka, tena imara, nazikubali. Bila hizo swichi ya kikomo (inayoizima mota geti likifika mwisho) ikifa mota inalitoa geti kwenye rola za juu na mamia ya kilo yanalala chini. Lakini ufunguo wa dharura waliondoka nao! Nimeudai mara tatu. Mtoto akibanwa umeme ukiwa umekatika na betri imekwisha, dada wa kazi atalegeza mota kwa nini, kwa kijiko?

Nilisema nyota mbili. Hapana, ni moja, na ni ya yule mchomeleaji. Ya pili nitairudisha watakapopita nyumba zote walizozitembelea masika haya na kuchomoa jampa zao. Kama walikuja kwako wakaondoka ndani ya dakika kumi, weka ndoo leo, kabla watoto hawajarudi kutoka shule.