Nilivyomlipa mtu anisaidie kupanga chumba cha kushonea: uzoefu wangu nikiwa na ADHD

Mwaka jana kabla ya Idd nilipoteza vitenge vya sare ya harusi. Mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, aliniletea vitenge sita, nikapima watu wote sita, vipimo nikaviandika nyuma ya risiti ya umeme wa LUKU. Wiki mbili baadaye vitenge sivioni, risiti siioni. Nikanunua vingine kwa hela yangu, nikashona usiku kucha. Vile vya kwanza nilikuja kuvikuta harusi imeshapita mwezi, viko chini ya mfuko wa mitumba, vimekunjwa vilevile nilivyovipokea. Nilikaa sakafuni nikalia. Nilikumbuka kabisa siku ile nilivyojiambia: hivi ngoja niviweke pazuri, visipotee.

Nina ADHD. Ni hali ya ubongo inayoanza utotoni, inayofanya umakini, utulivu na kupanga mambo viwe vigumu. Si uvivu, wala si kurogwa kama shangazi yangu alivyoshikilia miaka yote. Daktari wa afya ya akili Dar es Salaam ndiye aliyeniambia, nikiwa na miaka 34. Hakukurupuka. Alitaka kujua kama dalili zilikuwepo kabla sijafika miaka 12, akampigia mama yangu simu, na mama akamhadithia madaftari niliyokuwa nikiyasahau shuleni, na maji niliyotumwa kuteka nikarudi na ndoo tupu. Akanieleza kuwa kwa mtu mzima hutafuta dalili zisizopungua 5, na lazima ziwe zinamsumbua kazini na nyumbani pia, si sehemu moja tu. Dawa alizoniandikia zinanisaidia kuanza kazi na kuifikisha mwisho. Lakini chumba kilichovurugika kwa miaka sita, dawa haikipangi.

Ndipo nikatafuta mtu. Hapa Tanga kazi hii haijazoeleka, hata jina lake lina utata: nilipomwambia jirani kuwa nimepata mpangaji, aliniuliza amelipa kodi ya miezi mingapi. Mteja wangu mmoja akanielekeza kwa dada anayewapangia watu stoo na maduka. Tulikubaliana sh 35,000 kwa siku, saa 3 asubuhi mpaka saa 7 mchana. Alikuja siku nne kwa jumla.

Siku ya kwanza chumba kilipendeza mno. Alinunua makontena ya plastiki yenye mifuniko, akayapanga moja juu ya jingine mpaka dirishani, vifungo huku, zipu huku, bitana huku. Nilipiga picha nikamtumia mama. Baada ya siku kumi nilikuwa nimeshanunua zipu nyingine nyeusi, na zangu zimo ndani ya kontena la chini kabisa. Kwangu mimi kitu kikifunikwa kimeondoka duniani. Na kama lazima nishushe makontena matatu ndipo nifikie la nne, nguo itakaa juu ya kiti mpaka Idd ijayo. Hapo fedha yangu ilipotea, na yeye nilimwambia waziwazi.

Namsifu kwa alivyopokea. Hakukasirika. Alikuja akavuta kigoda, akaniambia, "Dada, leo sipangi kitu. Wewe shona, mimi nitakaa nikutazame." Akatazama saa nzima. Akaona kila nikiingia naangusha mkoba kulia kwa mlango, akaona natafuta mkasi mara saba, na kila mara uko pale pale kwenye meza ya cherehani au chini ya kitambaa ninachokata.

Tukaenda sokoni Ngamiani tukanunua vikapu vya ukindu, vipana, visivyo na mifuniko. Kila mteja ana kikapu chake. Kitambaa, uzi wa rangi yake na karatasi ya vipimo vinaingia humo siku hiyo hiyo, na karatasi inabanwa kwa kibanio cha nguo ukingoni, ionekane. Kulia kwa mlango, pale ninapoangusha vitu, akagonga misumari minne: mkoba, funguo, futi, mkasi. Juu ya msumari wa mkasi tukaandika kwa chaki maneno ya kwetu, "Waja leo, warudi leo."

Siku yenyewe tuliigawa kwa adhana, maana saa ya simu naizima bila hata kujua nimeizima. Kukata ni asubuhi. Ikilia Adhuhuri mkasi unarudi msumarini, baada ya hapo ni kushona tu. Ikilia Alasiri nazunguka vikapu kimoja kimoja na kuwapigia simu wenyewe.

Ila kilichonisaidia kuliko vyote hakimo kwenye bei. Ni kukaa kwake. Lundo nililolikwepa miaka sita tulilimaliza kwa asubuhi mbili, yeye akiinua kitu na kuuliza, "Cha mteja, chako, au kiondoke?" na mimi nikijibu. Peke yangu, kwenye kitu cha tatu ningekuwa nimeanza kukijaribu mwilini. Siku hizi binti wa dada yangu anakuja Jumamosi na daftari zake za shule, anasoma pembeni yangu, na kazi inaenda.

Dada aliyenipangia nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ameipoteza kwa yale makontena. Kama una ADHD na unataka mtu wa namna hii, mwombe kwanza akutazame unavyofanya kazi kabla hajanunua hata kikapu kimoja, na usimwache apange wakati wewe umetoka. Kama bado hujaonana na daktari, anzia huko, mtu wa kupanga hatibu.

Tangu mwezi wa tatu sijapoteza kitambaa cha mtu. Vipo vilivyochelewa, viwili. Yule dada nimeshamlipa nusu ya hela ya siku moja, aje wiki ya kwanza ya Ramadhani, kabla nguo za Idd hazijaanza kuingia.