TAHADHARI: Ndoo za njano za oili "ya trekta zote za zamani", stika ya 303

Wakuu, hii ni kwa wenye Massey 135, 165, 240, Ford za zamani na nyingine za umri huo, hasa mlioko Babati, Karatu, Mbulu na Hanang. Kuna jamaa anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima akiuza oili ya haidroliki na gia. Ndoo ya njano ya lita 20, stika ya karatasi, bei karibu nusu ya ile ya dukani, anatuma kwa basi. Malipo anataka kwanza, kwa namba ya mtu binafsi, na anadai hadi ya kutolea. Akilalamikiwa anabadilisha laini na jina, ila picha ya ndoo ni ile ile. Msinunue. Aliyekwisha kununua na hajamimina, asimimine.

Sisemi kwa kusikia. Nimezifungua trekta zilizowekwa oili hiyo. Ya karibuni ni Massey 135 ya mzee mmoja wa upande wa Magugu. Malalamiko yake: jembe la diski linapanda nusu, linasimama, linaanza kutetemeka, na akizima injini linashuka lenyewe mpaka chini. Oili ilikuwa ya msimu huo huo. Nilipolegeza bolti ya chini ikatoka nyepesi kama chai ya rangi, inanuka dizeli, na povu likakaa juu ya beseni muda mrefu baada ya oili yenyewe kutulia. Chini ya beseni kulikuwa na chenga za rangi ya dhahabu. Nikapitisha sumaku, haikushika kitu. Yaani si chuma cha gia kile, ni shaba ya bushi, zile pete ambamo shafti huzungukia, na bushi hizo mzee hatazipata kwa bei aliyookoa kwenye ndoo mbili za njano.

Muuzaji ana msemo wake anaoupenda: "Trekta ya zamani haichagui oili." Wapi! Hizi za zamani ndizo zinazochagua. Kwenye Massey hizi, tangu zile Ferguson ndogo za kijivu zilizoanza kutengenezwa Coventry mwaka 1946, gia boksi, difu (gia za ekseli ya nyuma) na haidroliki vinatumia oili moja. Pampu yenyewe imekaa humo ndani, inazungushwa na shafti ya PTO (ile ya kupeleka nguvu kwenye mashine za nyuma), inavuta oili ile ile inayolainisha meno ya difu. Massey 135 inachukua kama lita 30. Oili hiyo inatakiwa iwe nyepesi kiasi cha pampu kuivuta asubuhi ya baridi kule Karatu, halafu mchana jua likiwaka na jembe liko ardhini iwe bado na uzito na dawa ya kulinda meno ya gia, na isile shaba. Kwa trekta ambazo breki zake zimezama ndani ya oili, kama Ford 6600, inaongezeka kazi nyingine: breki zishike bila kupiga kelele wala kutetema. Kwa hiyo mtu akikuambia oili yoyote inafaa, ujue hajawahi kufungua hata mfuniko mmoja wa hizi trekta.

Sasa tuje kwenye hiyo 303, maana ndiyo inayowanasa wengi. Mtu anaona namba kwenye stika, anaamini kuna kiwango. Kiwango kilikuwepo kweli, cha John Deere, miaka ya 1960, na oili yake ilikuwa na mafuta ya nyangumi ndani. Marekani ilipozuia mafuta hayo mwanzoni mwa miaka ya 1970, John Deere wakaiacha na kutoa viwango vingine. Tangu hapo 303 haina mwenyewe, kwa hiyo yeyote anaweza kuibandika kwenye chochote. Huko huko Marekani ndoo za njano zenye namba hiyo ziliendelea kuuzwa kwa bei ya kutupa, hadi mwaka 2017 jimbo la Missouri likazipima na kusimamisha uuzaji wake. Wakulima wakaenda mahakamani wakidai zimechanganywa oili iliyokwisha kutumika na masalia ya viwandani. Jamaa yetu ameiga namba na rangi ya ndoo vyote viwili. Sidhani kama anajua hata habari ya nyangumi.

Namba za kutafuta kwenye ndoo ni hizi. Massey: M1135 kwa za zamani zaidi, au M1141, M1143, M1145. Ford: M2C86 au M2C134-D. John Deere: J20C. Oili nyingi nzuri za aina ya UTTO, yaani oili moja ya gia, haidroliki na breki za trekta, zinaandika kadhaa kati ya hizo kwa pamoja, na hiyo ni sawa. J20D achana nayo, hiyo ni nyepesi, imetengenezwa kwa nchi za barafu. Ndoo ikisema tu "inafaa trekta zote", bila namba hata moja ya kiwanda cha trekta, irudishe ilipotoka. Na namba ikiwepo bado haitoshi, maana stika inachapwa popote. Nunua duka lenye mlango, lipa, chukua risiti ya mashine.

Hapa niseme na la pembeni, ingawa si la huyu tapeli. Wapo wauza vipuri waaminifu kabisa wanaokupa "namba 90", oili nzito ya gia, kwa mazoea. Gia itaifurahia, pampu haitaifurahia, hasa asubuhi: utaisikia inalia. Tena namba 90 nyingi siku hizi ni GL-5, daraja la oili ya gia yenye dawa kali, na dawa yake inaweza kula shaba. Wengine wanakupa haidroliki 68 ya mitambo. Hiyo pampu itaipenda, lakini haina dawa ya kubeba mzigo wa meno ya difu. Ikiwa duka halina UTTO, bora usubiri siku mbili iagizwe Arusha.

Kama una ndoo yenye mashaka, chukua chupa mbili za maji zinazofanana, moja weka oili hiyo, nyingine oili unayoiamini, acha nafasi ndogo sawa juu, funga. Zigeuze kwa pamoja uangalie mapovu ya hewa yanavyopanda; yakipanda haraka zaidi, oili hiyo ni nyepesi zaidi. Kwenye ile ya njano povu lilifika juu wakati la mwenzake bado liko njiani. Kisha dondoshea tone moja kwenye bati la moto, ukiwa umekaa mbali na macho umeyakinga. Ikipasuka na kurukaruka, ina maji. Rangi isikudanganye: nyekundu, njano, kijani, zote ni rangi tu za kutia.

Aliyekwisha kumimina asiendelee kulima "mpaka amalize shamba". Endesha trekta ipate joto, mwaga oili ikiwa bado ya moto, na kumbuka bolti za kumwagia ziko zaidi ya moja. Ukifungua moja tu, oili mbovu inabaki upande wa pili. Chujio la pampu liko ndani, lisafishwe kabla ya kuweka mpya. Ukikuta chenga za dhahabu, usiweke oili mpya kabla fundi hajaangalia bushi.

Mafundi wenzangu, nasi tuna mkono wetu. Wanunuzi wa makopo wanapita gereji wakitoa bei nzuri kwa ndoo tupu za kampuni zinazojulikana, zenye mfuniko mzima. Unadhani wanaenda kutekea maji? Toboa ndoo kabla ya kuiuza. Na wale wanaonunua oili chafu, waulize inapelekwa wapi.

Mliopigwa, msitupe ndoo. Wekeni nusu lita kwenye chupa safi, hifadhini ujumbe wa WhatsApp na muamala wa simu, mpeleke malalamiko FCC (Tume ya Ushindani), ofisi ya TBS (shirika la viwango) ya kanda yenu, na EWURA (wasimamizi wa nishati na maji), maana oili za vilainishi ziko chini yao. Polisi nao, kwa sababu ya fedha. Mkiweka picha hapa, pigeni stika yote, mfuniko na kitako cha ndoo, maana nina mashaka ameshaanza kutumia ndoo za bluu.