Boti Ndogo Iliyotumika: Ipi ya Kuchukua, Ipi ya Kuacha

Rangi mpya kwenye boti kuukuu ni ya kutiliwa shaka. Mnunuzi analipia vitu viwili hasa: mashine, na ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, inapofungwa mashine hiyo. Viti na taa hubadilishwa kwa siku moja. Hivyo viwili vikiwa vibovu, umenunua hasara inayoelea.

Kwa matembezi ya mtoni na kandokando ya pwani, watu wanne au watano, tunazipanga hivi.

1. Faiba, mita 4.5 hadi 5.5, yenye tumbo la V. Hukata mawimbi bila kukuvunja kiuno, na tundu lake huzibika kwa resini na kitambaa cha faiba. Ugonjwa wake umejificha ndani: tezi nyingi zina plaiwudi katikati. Maji hupenya kwenye matundu ya bolti yasiyozibwa sawasawa, mbao zikaoza huku nje kukiendelea kung'aa. Gonga tezi yote kwa mpini wa bisibisi, kila sentimita 5. Palipo pazima hulia kavu na kali. Palipooza hulia bubu, kama boga. Kisha inua mashine nusu, shika mguu wake (sehemu inayoshuka majini), usukume juu na chini huku mwenzako akitazama bolti. Tezi ikicheza, au nyufa zikifunguka pembeni, ondoka. Kuijenga upya ni kushusha mashine na kukata faiba, na gharama yake huweza kuzidi thamani ya chombo.

2. Alumini. Kama safari zako zote ni za mto wenye miamba, ipandishe namba moja: ni nyepesi, na ikigonga jiwe hubonyea kuliko kupasuka. Iliyoungwa kwa ribiti ipimwe ikiwa juu ya trela. Mimina maji ndani, kina cha sentimita chache, ngoja nusu saa, kisha tazama chini na utie alama kila ribiti inayotoa machozi. Ulizia pia rangi iliyopakwa tumboni. Rangi ya baharini yenye shaba huila alumini.

3. Mpira wenye tumbo gumu. Imara kwenye mawimbi, ila jua humaliza PVC (aina ya plastiki) na gundi yake; Hypalon (mpira wa kutengenezwa kiwandani) hudumu zaidi. Paka maji ya sabuni kwenye viungio na vali, utazame mapovu.

4. Mbao. Tunaiweka mwisho kwa sababu inadai kalafati (kuziba nafasi kati ya mbao) na uangalizi usiokoma, na baharini kuna mdudu anayetoboa mbao kutoka ndani. Asiye na fundi karibu aiache.

Sasa mashine. Ukifika, weka kiganja juu ya kifuniko kabla salamu hazijawa ndefu. Ikiwa na joto, muuzaji ameshaiamsha, na mashine inayosumbua kuwaka ikiwa baridi hufichwa hivyo hivyo. Rudi siku nyingine. Ikishawaka ndani ya maji, tazama mkojo wake: mchirizi wa maji ya kupoza utoke kwa nguvu. Ukidondoka tu, huenda impela ya pampu (kipande kinachosukuma maji) imekwisha, jambo dogo. Au chumvi imeziba njia za maji ndani, jambo kubwa. Baada ya kuzima, legeza skrubu ya chini ya gia, matone machache yatoke. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa ina maji, na kwa kawaida sili ndiyo iliyoachia. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda. Tofauti baina yao ikizidi asilimia 10, usinunue kwa ahadi ya matengenezo.

Foo-stroki hunywa petroli kidogo na haina kelele nyingi. Tuu-stroki ni nyepesi na hufunguliwa kirahisi, lakini muulize mwenyewe huchanganya oili kwa kipimo gani. Nyingi hutaka 50 kwa 1, yaani nusu lita kwa lita 25 za petroli. Akisema "nakadiria tu", pistoni zimeshalipa.

Pima na urefu wa mguu. Tezi ya kimo cha sentimita 38 huchukua mguu mfupi, ya sentimita 51 mguu mrefu. Mguu mfupi kwenye tezi ndefu hufanya propela ivute hewa. Mashine hunguruma, boti haiendi. Mwisho, namba iliyo kwenye kibati cha mashine isomeke na ilingane na ya hati. Kibati kikiwa kimekwanguliwa, usitoe hata arbuni.