Kesi ya betri sita za 18650 (zile za lithiamu za kuchaji) kwa ajili ya ditekta ya kutafutia metali ardhini, nyota 4 kati ya 5

Jamani mi nilishachoka na mashine inayozima pale pale mlio umeanza kunoga. Ditekta yangu inakula AA nane, ukiweka za kutupa unapata volti 12, ukiweka za kuchaji unapata 9.6 tu, kwa hiyo alama ya betri inaanza kukonyeza mapema hata kama chaji bado ipo.

Nilianza na pawabenki. Usijaribu. Ditekta inavuta umeme kidogo, pawabenki inaona kama hamna kitu kimechomekwa inajizima, na kile kisakiti cha kupandisha volti kina kelele zake, koili inazidaka, mashine inalialia hewani hata hujaishusha chini.

Ndo nikachukua hii kesi tupu ya plastiki. Betri zinakaa tatu tatu, mistari miwili, na bodi ya ulinzi, ile inayozuia betri kujaa au kuisha kupita kiasi, imo ndani tayari. Zikijaa ni volti 12.6, wastani wake 11.1, mashine ya volti 12 inapokea vizuri tu ila soma kwanza kitabu chake kinaruhusu mwisho ngapi. Nimeweka betri za 3000, jumla miliampia-saa 6000, AA zangu zilikuwa 2000, na ukiingiza na volti kwenye hesabu tofauti inazidi mara tatu. Natoka asubuhi narudi jioni chaji bado ipo! Kesi nimeifunga kiunoni, mkono umepona maana uzito wote wa betri umeondoka kwenye fimbo ya ditekta. Halafu betri zile zinazoandikwa 9900 achana nazo kabisa, 18650 nzuri ya kweli inaishia kwenye 3500 hivi.

Sasa kilichonikera ni waya. Mwembamba mno, na pini yake ilikuja hasi katikati wakati mashine yangu inataka chanya katikati, na hakuna karatasi yoyote iliyosema hivyo. Kilichoniokoa ni multimita, nilipima kabla sijachomeka nikaona alama ya kutoa mbele ya 12.4 nikashtuka kweli, maana ningechomeka tu ningeunguza mashine nzima. Nikakata, nikageuza, nikalehemu waya mnene na fyuzi ya ampia 2 karibu kabisa na kesi. Spring moja nayo ilikuwa imelegea, ukitembea umeme unakatika sekunde moja unarudi, nikaikunja kidogo na koleo imetulia.

AA zitoe zote ndani ya mashine kabla hujachomeka hii, usiziache zikafanya kazi pamoja. Na chaja haiji nayo, tafuta ya lithiamu iliyoandikwa 12.6, ya betri ya gari usiiguse.